Mdhamini wako anajua kwamba unaomba kazi?

Ninafanya kazi ya kuajiri hapa Dar es Salaam, na kila wiki nawapigia simu wadhamini wa waombaji, yaani watu waliowaandika ili waeleze utendaji wao. Nikishataja jina la mwombaji, mara nyingi upande wa pili hunyamaza kwanza. "Nani? Aaa, yule wa mafunzo kwa vitendo?" Kimya kile kinaniumiza, maana mara nyingi kijana mwenyewe ni mzuri, ila alimwandika mtu bila kumwambia.

Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, inayoajiri kwa ajili ya utumishi wa umma, hutaka wadhamini watatu wa kuaminika. Wengi wanasoma hapo "wenye vyeo". Mkurugenzi aliyekuona mara mbili hawezi kunieleza ulivyofunga hesabu za mwisho wa mwezi. Msimamizi wako wa kila siku anaweza, na huyo ndiye ninayemtaka. Muombe ruhusa kwanza, kisha mtumie tangazo la kazi na CV uliyoipakia. Hakikisha pia barua pepe yake bado inafanya kazi, kwa sababu ile ya ofisini hufa siku anapohama. Wadhamini uliowajaza kwenye Ajira Portal, mfumo wa Sekretarieti wa kuombea kazi mtandaoni, ulipomaliza chuo watabaki walewale mpaka uingie uwabadilishe.

Kwenye LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, watu huchanganya mambo mawili. Kuthibitishiwa ujuzi, kulikoanza mwaka 2012, ni mtu kubofya tu kwamba unauweza, na mimi huwa napita. Pendekezo la maandishi ndilo ninalolisoma. Likifika, linasubiri ulikubali. Huwezi kulihariri, ila unaweza kumuomba aliyeandika alirekebishe, au ukalificha. Ndiyo maana namna ya kuomba ina uzito. Ukisema tu "naomba uniandikie pendekezo", utapata "ni mchapakazi na mwaminifu", maneno ambayo nayakuta kwa kila mtu. Jaribu hivi: "Shikamoo mama. Unakumbuka tulivyohamisha kumbukumbu za stoo kutoka kwenye daftari hadi kwenye kompyuta? Naomba uandike kuhusu kazi ile, sentensi nne zinatosha." Hapo humfundishi cha kusema, unamkumbusha alichokiona kwa macho yake. Na msibadilishane sifa na rafiki siku moja, tarehe zinaonekana.

Namba za wadhamini usiziweke kwenye wasifu ulio wazi kwa kila mtu wala kwenye makundi ya WhatsApp ya ajira. Ni taarifa zao binafsi, zinalindwa na sheria ya mwaka 2022, na matapeli wa ajira wanazitafuta. Mwajiri makini atakuuliza akizihitaji.

Kisha mrudishie majibu, umepata au umekosa. Mdhamini mmoja, nilipomaliza kumhoji, aliniuliza kama kijana wake aliipata ile kazi nyingine, aliyopigiwa simu mwaka uliotangulia. Alikuwa bado anasubiri kuambiwa.