Dereva husoma barabara kabla ya kibao

Saa moja kasorobo asubuhi nilisimama na daftari nje ya geti la shule moja ya msingi jijini Dar es Salaam, nahesabu watoto. Njia ya waenda kwa miguu ilikuwepo, ila sehemu kubwa imejaa bajaji na kinachobaki ni mtaro usio na mfuniko. Watoto wakapita barabarani, wakigombania nafasi na bodaboda. Mtoto wa darasa la kwanza akisimama nyuma ya bajaji iliyoegeshwa, dereva anayekuja hamwoni mpaka achomoze mbele ya gari.

Palikuwa na kibao cha kilomita 30 kwa saa. Hakuna aliyekijali, wala sikushangaa. Barabara pana, iliyonyooka, yenye lami mpya, hukaribisha mguu ukanyage mafuta. Kibao peke yake hakiwezi kushindana nayo.

Hesabu yake ni hii. Gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, tangu dereva amwone mtoto hadi breki zianze kushika hupita kama sekunde moja na nusu, na gari limeshakwenda mita 21. Mpaka lisimame, kwenye lami kavu, jumla ni kama mita 35. Kwa kilomita 30, jumla haifiki mita 18. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kwa mwaka, na ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Ndiyo maana sisi wa afya ya jamii tunaingilia kazi ya wahandisi.

Dawa yenyewe haina makuu. Kivuko kinainuliwa kiwe sawa na njia ya miguu, hivyo gari ndilo linalopanda na kushuka, mtoto anapita tambarare. Kona ya makutano inabanwa ili gari lisikate kwa kasi. Nguzo fupi za zege zinazuia maegesho juu ya njia ya miguu. Mahali pengine geti la shule huhamishiwa upande wa mtaa tulivu, kazi ya fundi uashi tu. Shirika la Amend limefanya mambo ya aina hii kuzunguka shule za Dar es Salaam na miji mingine ya Afrika, na mwaka 2019 mpango wake ulishinda tuzo ya miji ya WRI Ross, inayotolewa na taasisi ya World Resources Institute.

Halafu kuna jua. Tunawaambia watu wazima wafanye mazoezi angalau dakika 150 kwa wiki, na kutembea kwenda kazini kungetosha kabisa. Lakini nani atatembea mwezi wa pili, saa nane mchana, mahali pasipo na mti hata mmoja? Wapandaji wanapenda mwashoki kwa sababu ni nadhifu. Tatizo umesimama kama mlingoti, kivuli chake hakimtoshi hata muuza karanga. Mkungu au mwarobaini ungefaa zaidi, mradi uachiwe nafasi ya mizizi, la sivyo utainua vitofali vyote.

Mtaro nao una habari yake. Ukizibwa na taka, maji machafu hutuama na mbu aina ya kuleksi huzaliana humo, nao ndio waenezao matende na mabusha katika miji ya pwani. Mfuniko wa zege huzuia taka kutupwa ndani, na juu yake watu hupata pa kupita. Uwe tu unainulika, vinginevyo hakuna atakayesafisha.

Wakati wa kusema ni kabla TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, hawajasaini mkataba na mkandarasi. Mchoro ukishapitishwa, kuongeza kivuko kimoja kunakuwa safari ndefu ya barua. Nendeni serikali ya mtaa mkiwa na idadi: watoto wangapi wanavuka, wapi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja na nusu asubuhi. Magari huwa yameshahesabiwa. Watoto, mara nyingi, bado.