Maji ya kijito meupe kabisa, sumu ya mimea inaingiaje humo?

Tumezoea kusikia maji yanachafuliwa na viwanda na vyoo, mimea nayo inachafuaje?

Inachafua, tena bila mtu yeyote kufanya kosa. Mmea hauwezi kumkimbia mdudu wala ng'ombe, kwa hiyo unajitengenezea sumu ya kujilinda, na baadhi ya hizo sumu zinayeyuka kwenye maji kirahisi sana, basi mvua ikipiga majani zinateremka na matone mpaka ardhini, udongo hauzishiki, mwisho wake ni kijitoni au kwenye kisima kifupi.

Mfano unaojulikana vizuri ni kangaga mmoja anaitwa kitaalamu Pteridium, unaota karibu kila bara. Ukimwangalia akiwa mchanga utaona ncha yake imejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga, na hapo hapo kwenye majani machanga ndipo sumu inapokuwa nyingi. Inaitwa ptakwilosaidi. Ng'ombe wakila kangaga huyu muda mrefu wanapata uvimbe kwenye kibofu na kukojoa damu, na sumu inapita hadi kwenye maziwa yao. Watafiti wa Denmark wameikuta kwenye vijito na visima vifupi vilivyo jirani na vichaka vya kangaga, kwa hiyo hili sio jambo la kukisia.

Kuna mingine?

Ipo. Magugu ya jamii ya Senecio na Crotalaria yana sumu zinaitwa alkaloidi za pairolizidini, hizi adui yao mkubwa ni ini, mishipa midogo ya damu ndani ya ini inaziba, ini linavimba, tumbo linajaa maji. Lakini niwe mkweli hapa maana watu wanatishana bure: balaa kubwa za sumu hii zilizowahi kuumiza watu wengi kwa mpigo zilitoka kwenye chakula, kama kule Afghanistan miaka ya 1970 ambapo mbegu za gugu zilichanganyika na ngano. Kwenye maji kiasi huwa kidogo sana. Wasiwasi wa maji ni kunywa kidogo kidogo, kila siku, miaka na miaka.

Si nachemsha? Yamekwisha hayo.

Hapana jamani, hili ndilo linaloniuma zaidi. Kuchemsha kunaua vijidudu, na uendelee kuchemsha, kwa sababu kipindupindu na homa ya matumbo ni hatari ya leo leo kuliko sumu yoyote ya jani. Ila alkaloidi hizo sio kiumbe hai kwamba utaziua, zinavumilia moto, na maji yakipungua kwenye sufuria zenyewe zinabaki. Klorini ya kutibu maji nayo usiitegemee kwa hili. Kinachosaidia ni chujio lenye mkaa maalumu wa kuchujia maji, ule unaonasa kemikali, nao unatakiwa ubadilishwe kwa wakati, ukichoka haunasi kitu.

Na ule ute wa kijani unaoelea juu ya maji yaliyotuama?

Watu wanauita mimea lakini mara nyingi ni bakteria wa kijani-bluu, na wengine wana sumu inaitwa maikrosistini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa lita kwa maji ya kunywa kila siku. Ukichemsha maji yenye ute huu unapasua seli na sumu yote inamwagika ndani ya maji, yaani umeharibu zaidi. Mwaka 1996 huko Caruaru, Brazil, maji ya namna hii yalitumika kusafishia damu wagonjwa wa figo, wakafa zaidi ya 50.

Nikikuta samaki wanaelea ghafla je?

Usinywe, usioge, na watoto wasiokote hao samaki hata kama bado wanatapatapa. Inawezekana mtu ametwanga utupa, mmea wenye sumu ya kuulia samaki, akamwaga juu huko ili avue kirahisi. Sumu yake, rotenoni, inaingia kwenye mashavu ya samaki na kuuzuia mwili usitumie oksijeni, anakosa pumzi akiwa ndani ya maji. Inavunjika kwa jua na joto baada ya siku kadhaa, lakini kwa macho huwezi kujua kama ni utupa au ni dawa ya shambani ambayo ni mbaya zaidi, kwa hiyo toa taarifa kwa wahusika wa maji mapema.

Sasa mimi ninayetegemea kijito nifanyeje?

Usichote mvua inaponyesha wala saa chache baada yake, hasa mvua za kwanza baada ya kiangazi, ndio wakati mzigo wote wa majani na vumbi unashuka kwa pamoja. Hifadhi maji mapema kabla mvua haijaanza. Ondoa kangaga na magugu yenye sumu kuzunguka chanzo, na ukishayang'oa usiyaache hapo yaoze karibu na maji maana bado yana sumu. Kisima kirefu kilichofunikwa vizuri kina nafuu kuliko kifupi kilicho wazi.