Asilimia 10 ya kikoba na 18 ya benki

"Benki wanakata 18, kikoba 10 tu." Kauli hii ya riba ya mikopo, ya benki na ya kikoba (kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana), utaisikia kwenye masoko ya Tanzania miaka nenda rudi, na mwenye genge anaiamini kabisa. Kinachosahaulika ni muda. Kumi ya kikoba mara nyingi ni ya kila mwezi. Riba ya benki hutajwa kwa mwaka mzima.

Chukua mkopo wa shilingi 100,000 unaolipwa wote baada ya miezi 3. Kikoba cha asilimia 10 kwa mwezi kitadai riba ya 30,000. Benki ya asilimia 18 kwa mwaka itadai 4,500, ukiacha ada na bima, ambazo nazo huuma.

Basi kikoba kinanyonya? Si hivyo. Ile 30,000 inaingia kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na mwisho wa mzunguko wanachama hugawana kulingana na hisa zao. Mwenye hisa nyingi asiyekopa sana hufaidi. Mwenye hisa mbili anayekopa kila mara, huyo anawanenepesha wenzake. Muulize mweka hazina kabla ya kuweka dole gumba: ni ya mwezi au ya mwaka? Daftari analo mkononi.