Kesi ya Mauaji ya Miaka Mingi Inavyofunguliwa Upya: Riwaya Zinaruka Wapi

Watu wanaopenda riwaya za upelelezi wakikutana na sisi tunaofanya kazi za maabara ya jinai huwa wana swali moja, yaani hivi kweli mtu anaweza kuuawa, kesi ikalala miaka ishirini, halafu akatokea mpelelezi mmoja akafungua boksi lenye vumbi na kumpata muuaji? Inatokea kweli, na imetokea mara nyingi tu. Ila riwaya nyingi zinampa sifa zote yule aliyefungua boksi, wakati kwa uzoefu wetu kesi ya namna hii inabebwa au inauliwa na yule aliyelifunga siku ile ya kwanza, mtu ambaye kwenye hadithi hata jina hana.

Kwanza jueni kwamba kesi ya mauaji ikikosa mtuhumiwa haifi, inalala. Nchi nyingi hazina ukomo wa muda wa kumshtaki muuaji, na zilizokuwa nao baadhi zimeufuta. Ujerumani waliufuta 1979, Japani wakaufuta 2010 baada ya familia za waliouawa kupaza sauti miaka na miaka, na Uingereza sheria iliyoanza kutumika 2005 inaruhusu hata mtu aliyeachiwa na mahakama kwa kosa la mauaji ashtakiwe tena kama umepatikana ushahidi mpya na mzito. Kwahiyo anayekaa anahesabu miaka akidhani imebaki michache awe salama anajidanganya.

Sasa jalada likifufuliwa hakuna anayekimbia kwenda popote. Kazi ya mwanzo ni kusoma, na ni kusoma kwelikweli, maelezo ya mashahidi ukurasa kwa ukurasa, michoro ya eneo la tukio, picha, ripoti ya daktari aliyeufanyia mwili uchunguzi, nani alisema alikuwa wapi saa ngapi na nani aliulizwa kuthibitisha. Jina la muuaji linaweza kuwa humo humo toka mwanzo. Peter Sutcliffe, yule aliyeua wanawake kaskazini mwa Uingereza miaka ya 1970, polisi walishamhoji mara 9 kabla hajakamatwa 1981, taarifa zake zilikuwepo lakini zimetawanyika kwenye kadi na makaratasi mengi kiasi kwamba hakuna aliyeziona zote kwa pamoja. Riwaya hapa huwa inaruka sura nzima, na mimi naona ndiyo sura tamu kuliko zote.

Baada ya kusoma ndio tunaenda kwenye vielelezo, yaani vile vitu vilivyochukuliwa eneo la tukio, na hapa naomba nikae kidogo.

Nguo yenye damu inatakiwa ikaushwe kwanza halafu iwekwe kwenye mfuko wa karatasi, sio wa plastiki. Plastiki inafungia unyevu ndani, unyevu unaleta ukungu na bakteria, na hao wanavila vinasaba (DNA), zile alama za mwili zinazomtambulisha mtu, mpaka ukifungua baada ya miaka unakuta doa lipo unaliona kwa macho ila halina cha kukwambia. Juu ya mfuko kunakuwa na utepe wa kufungia, saini iliyopita juu ya utepe, tarehe, na jina la kila mtu aliyeupokea na kuutoa. Hizo saini ndizo wakili wa utetezi atakazozishika mahakamani, akikuta pengo la miezi miwili ambalo hakuna anayejua mfuko ulikuwa kwa nani basi hata matokeo mazuri kiasi gani yanayumba. Nasema hivi kwa sababu kuna askari na watunza stoo wanaoona ni makaratasi tu ya usumbufu, jamani sio usumbufu, hiyo ndiyo kesi yenyewe.

Chukulia mauaji ya binti mmoja Cardiff, Wales, mwezi Februari 1988. Wanaume watatu walihukumiwa kifungo cha maisha 1990, wakatolewa 1992 baada ya mahakama ya rufaa kuona hukumu ile haisimami. Jalada likalala. Wataalamu waliporudi miaka ya baadaye walirudi mpaka kwenye chumba chenyewe, ambacho kilishapakwa rangi upya, wakang'oa ule ubao mwembamba unaozunguka chini ya ukuta pale unapokutana na sakafu, wakakwangua rangi taratibu, chini yake wakakuta damu. Damu nyingine ilikuwa kwenye ile nailoni laini inayofunika pakiti ya sigara, iliyokuwa imetunzwa miaka yote hiyo. Wakapata vinasaba vya mwanaume asiyejulikana. Kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya polisi ya vinasaba vya watu, hakuwepo, lakini alikuwepo kijana wa miaka 14 ambaye vinasaba vyake vinafanana navyo kwa karibu mno, kwahiyo wakafuata ukoo wake wakafika kwa mjomba mtu, naye 2003 akakiri kosa mahakamani. Miaka 15, na angetupa mtu ile nailoni ya sigara kwa kudhani ni takataka sijui ingekuwaje.

Kilichobadilika katikati ni mashine na mbinu. Alec Jeffreys aligundua njia ya kutambua mtu kwa vinasaba 1984 kwenye chuo kikuu cha Leicester, lakini enzi hizo ulihitaji doa kubwa na lenye hali nzuri. Ikaja njia ya PCR, inayonakili kipande kidogo cha vinasaba mara nyingi mno, leo chembe chache za ngozi au mate zinaweza kutosha. Na 2018 Marekani walimkamata Joseph James DeAngelo kwa mauaji ya miaka ya 1970 na 1980 kwa kulinganisha vinasaba vya eneo la tukio na vya watu waliojiandikisha wenyewe mtandaoni kutafuta ndugu zao, wakajenga mti wa ukoo mpaka wakamfikia.

Ila msije mkaamini vinasaba kama vile havikosei. Ujerumani na nchi jirani polisi walimtafuta kwa miaka mwanamke mmoja ambaye vinasaba vyake vilionekana kwenye matukio karibu 40, wizi, mauaji, mpaka mauaji ya askari wa kike 2007, na 2009 ikaja kujulikana hakuna mhalifu wa namna hiyo, vinasaba vilikuwa vya mfanyakazi wa kiwanda kilichotengeneza pamba za kuchukulia sampuli. Pamba zilikuwa zimeuliwa vijidudu, lakini kuua vijidudu hakuondoi vinasaba. Na hata vikiwa vya mtu sahihi vinakwambia ni vyake, havikwambii vilifikaje hapo, lini, wala yeye alifanya nini, hiyo ni kazi ya mpelelezi kuunganisha.

Kitu kingine riwaya zinakosea ni kuungama. Muuaji anabanwa, analia, anasema yote, kitabu kinaisha. Kesi ya kwanza kabisa ya mauaji kutatuliwa kwa vinasaba, mabinti wawili waliouawa 1983 na 1986 jirani na Leicester, ilianza na kijana wa miaka 17 aliyekiri mauaji ya mmoja wao. Vipimo vikaonyesha mabinti wote wameuawa na mtu mmoja, na sio yeye. Bila maabara angefungwa. Polisi wakachukua sampuli za wanaume kama 5,000 na bado muuaji hakuonekana, maana alimtuma mwenzake wa kazini akatoe damu kwa jina lake. Alipatikana kwa sababu yule mwenzake aliropoka baa, na mtu aliyesikia akaenda polisi.

Na hapo ndipo mwananchi anapoingia. Miaka ikipita ndoa zinavunjika, urafiki unaisha, aliyekuwa anaogopwa anazeeka au anafariki, na shahidi aliyenyamaza akiwa na miaka 19 anaweza kuongea akiwa na 40. Kama unalo jambo, peleka, usiseme muda umepita. Ukifika eleza ulichokiona kwa macho yako na ulichokisikia kwa wengine kila kimoja peke yake, usiviunganishe ili hadithi ikae vizuri, na usijazie pale ulipokuwa hukumbuki. Kama kuna nguo, barua au simu ya zamani ya marehemu usiifue, usiifute, usiishikeshike, iache hapo ilipo na uwaambie polisi waje kuichukua wao, na kama ni lazima uiondoe vaa glavu safi, itie kwenye bahasha ya karatasi ikiwa kavu, andika tarehe na jina lako juu yake.

Na ninyi familia mnaosubiri, mna haki ya kwenda kuuliza jalada liko wapi, vielelezo bado vipo au viliharibiwa, na mara ya mwisho vilipimwa kwa njia gani. Hilo swali la mwisho lisisitizeni, kwa sababu doa lililoandikiwa "hakuna matokeo" miaka ya 1990 lilipimwa kwa mbinu za wakati ule, na kama mfuko wake bado umefungwa vizuri linaweza kupimika tena.