Sebule Yenye Umbo la Ajabu: Dhana Potofu na Ukweli

Kuna sebule ndefu na nyembamba kama ushoroba, kuna iliyokunjwa kwa umbo la L, kuna yenye nguzo mahali pasipotarajiwa, na kuna ile ambayo kila ukuta umetobolewa mlango. Wenyewe humlaumu fundi, kisha huendelea kulihamisha kochi lile lile kutoka ukuta huu hadi ule. Umbo la chumba lina lawama zake, lakini mara nyingi kinachokwamisha kazi ni maneno ambayo watu wamerithiana bila kuyapima kwa futi kamba.

"Tafuta kwanza pa kuweka runinga, mengine yatajipanga."

Hayajipangi. Kinachoamua sebule ni miguu ya watu: wanaingilia wapi, wanatokea wapi, na nani anakwenda jikoni mara kumi kwa siku. Kabla ya kugusa kiti, unganisha mlango na mlango kwa mstari, kwenye karatasi au moja kwa moja sakafuni kwa utepe wa karatasi unaonata. Njia kuu ipewe upana wa sentimita 90. Ukibanwa, 75 inatosha. Ikishuka hadi 60 watu wataanza kupita kiubavu. Kama nyumbani kuna anayetumia kiti cha magurudumu, hizo 90 hazina mjadala, na pawepo pia mahali penye kipenyo cha sentimita 150 ili aweze kugeuka. Usisahau mbawa za milango: mlango wa sentimita 80 unaofungukia ndani unadai robo duara ya sakafu, na hapo haiwezi kukaa hata stuli.

Ukishachora njia zote, eneo linalobaki ndilo sebule yako halisi. Chumba chenye milango mitatu kinaweza kuonekana kikubwa kikiwa kitupu, kumbe sehemu ya kukalia ni pembe moja tu. Ni afadhali kulijua hilo kabla ya kwenda dukani.

"Makochi yabanwe ukutani ili katikati pawe wazi."

Hii ndiyo iliyoota mizizi kuliko zote. Katika chumba kikubwa matokeo yake ni wageni walioketi mita 4 mbali, kila mmoja akipaza sauti, na uwanja mtupu kati yao. Watu huzungumza kwa raha wakiwa ndani ya mita 2.5 hadi 3. Yavute makochi yakaribiane, hata kama nyuma yake patabaki nafasi. Nafasi hiyo ina faida: pazia linaning'inia bila kubanwa, soketi inafikika, na ukuta wenye unyevu unapata hewa.

Kwenye chumba kirefu, mgongo wa kochi unafanya kazi ya ukuta. Ligeuze likate chumba kwa upana, ukiacha njia pembeni. Upande mmoja unapata mahali pa mazungumzo, upande wa pili meza ya kulia au kiti cha kusomea na taa yake.

Ila tusiigeuze nayo kuwa sheria. Tuchukue chumba chenye upana wa mita 2.7. Kochi lina kina cha sentimita 90, kati yake na meza ndogo unaacha 45, meza yenyewe 50. Jumla 185, zinabaki 85, ambazo ni njia na basi. Hapo kochi libanwe ukutani kweli, na ndoto ya safu mbili zinazotazamana iachwe.

"Sebule ya umbo la L inafaa kochi la L."

Majina yanafanana, hesabu hazifanani. Kwenye sebule hiyo kuna kona moja inayochomoza ndani ya chumba, na ndipo watu wanapozungukia. Kochi la kona linataka kona ya upande wa nje, isiyo na mlango wala dirisha la kushuka chini, na kona ya namna hiyo haipatikani kila nyumba. Tena pale panapokunjwa ni pa mtu mmoja. Wakikaa wawili magoti yanagombana. Kwa chumba kigumu mimi ningechagua kochi la kawaida na viti viwili vinavyohamishika.

"Chumba kidogo, samani ndogo ndogo."

Vitu vidogo saba huleta msongamano kuliko vitu vikubwa vitatu. Kochi moja la kiasi, lenye miguu inayoacha sakafu ionekane chini yake, hutuliza chumba.

"Kochi likiwekwa mshazari, kona mbaya inafichika."

Inafichika, na inakula nafasi. Kochi la mita 2 likikingamishwa kwenye kona iliyo sawasawa, nyuma yake linafungia pembetatu ya mita mraba 1 kamili, ya kukusanya vumbi. Na pale ambapo ukuta wenyewe ndio uliopinda, chagua ukuta mrefu ulionyooka, panga vitu vikubwa kuufuata, kisha huo uliopinda uachie taa ya kusimama, mmea au kiti kimoja.

"Runinga iwe juu, na mbali."

Macho ya mtu aliyeketi huwa takribani sentimita 100 hadi 110 kutoka sakafuni, na katikati ya kioo cha runinga pawe karibu na hapo. Shingo itakushukuru. Runinga ya inchi 55 ina mshazari wa sentimita 140. Mita 2 hadi 2.5 zinaitosha, kwa hiyo huhitaji kuitolea urefu wote wa chumba. Dirisha liwe ubavuni mwake, lisitazamane nayo.

"Rafu ndefu ndiyo ya kugawia chumba."

Hapa kuna hatari. Rafu ndefu inapaswa kufungwa ukutani kwa skrubu, hasa penye watoto wanaopanda kila kitu, na ikisimama katikati ya chumba haina cha kushikilia. Ya kugawia iwe fupi, kimo cha mgongo wa kochi, vitu vizito viwe chini. Zulia linagawa pia, bila kumwangukia mtu, mradi liwe kubwa kiasi cha kupokea miguu ya mbele ya makochi.

"Sakafu ikitosha, kochi litatosha."

Litatosha likishaingia. Pima mlango wa nje, ngazi, na ile kona ya ushoroba ambapo kochi litalazimika kugeuka, ulinganishe na kina na kimo cha kochi. Kabla ya kukata tamaa mlangoni, jaribu kuizungusha miguu yake, maana mingi hufunguka.