Mtoto Mdogo Anapovunjika Mkono: Maswali na Majibu kwa Wazazi wa Mtwara na Lindi

Kuanzia Oktoba hadi Januari, mabibo yanapoiva na maembe yanapofuata, watoto wengi wa Mtwara na Lindi hushinda juu ya mikorosho na miembe, na baadhi yao huanguka. Mtoto anayeanguka hunyoosha mkono ili ajikinge, uzito wote wa mwili ukaishia kwenye mkono huo, na ndiyo maana mifupa inayovunjika mara nyingi ni ile ya karibu na kifundo cha mkono na ile ya juu kidogo ya kiwiko. Majibu yafuatayo ni kwa wazazi na walezi wa watoto wa miaka mitatu hadi saba. Nimekaa zaidi kwenye hofu ya mtoto kuliko kwenye mfupa wenyewe, kwa kuwa mfupa una wataalamu wake hospitalini, ilhali hofu mara nyingi huachiwa mtoto aibebe peke yake.

Nitajuaje kama mkono umevunjika au umeteguka tu?

Kwa macho peke yake huwezi kujua kwa hakika, na hata mhudumu wa afya mwenye uzoefu hutegemea picha ya eksirei. Mfupa wa mtoto mdogo bado una unyumbufu, hivyo mara nyingine haukatiki, bali hupinda na kupasuka upande mmoja kama kijiti kibichi, na mtoto anaweza kuendelea kuchezesha vidole huku mfupa una ufa. Mtoto anayekataa kuutumia mkono, anayeushikilia kwa mkono mwingine, anayelia akiguswa mahali pamoja, au ambaye mkono wake umevimba au kupinda, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Ikiwa mfupa umetoboa ngozi, au vidole vimepauka na kuwa vya baridi, hiyo ni dharura isiyosubiri kupambazuke.

Nifanye nini kabla ya kufika hospitali?

Usiunyooshe mkono. Vua bangili, saa au uzi wowote uliofungwa mkononi kabla uvimbe haujaubana. Weka kipande cha boksi au gazeti lililokunjwa chini ya mkono, lifunge kwa kitambaa bila kukaza, kisha uuning'inize mkono kwa kanga iliyofungwa shingoni. Lakini kama kiwiko hakikunjiki bila maumivu, usikilazimishe, bali uegemeze mkono kwenye mto jinsi ulivyo. Parasetamoli ya maji inafaa kwa kipimo cha miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, yaani takriban miligramu 180 kwa mtoto wa kilo 12, kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto asipewe aspirini. Asipewe pia chakula hadi aonwe na mtabibu, kwa sababu huenda akahitaji dawa ya usingizi, nayo ni salama zaidi tumbo likiwa tupu.

Wanaotoka vijiji vya mbali, mathalani vya Tandahimba au Nachingwea, wapitie kwanza kituo cha afya kilicho karibu ili mkono ufungwe vizuri na maumivu yapunguzwe kabla ya safari. Kwenye bodaboda mtoto akae amekumbatiwa na mtu mzima, si peke yake nyuma ya dereva. Hospitali kama Ligula mjini Mtwara, Sokoine mjini Lindi, na zile za misheni za Ndanda na Nyangao ndizo ambazo kwa kawaida watoto wa namna hii hupelekwa.

Bibi yake anataka mkono ukandwe kwa maji ya moto, kisha afungwe na muunga mifupa. Nimjibu vipi?

Mjibu kwa heshima, kwa sababu anachotaka ni mjukuu wake apone, lakini usikubali. Joto kwenye jeraha bichi huongeza uvimbe, na kuchua husogeza vipande vya mfupa. Hatari kubwa zaidi ni vijiti vinavyofungwa kwa kukazwa: mkono unaendelea kuvimba ndani ya kamba zisizolegea, damu inashindwa kufika kwenye misuli, na katika muda wa saa chache tu misuli huanza kufa. Mtoto aliyefikia hapo anaweza kubaki na vidole vilivyokunjamana maisha yake yote, au kukatwa mkono kabisa. Juu ya kiwiko hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa mshipa mkuu wa damu na neva za mkono hupita hapo, karibu sana na mfupa. Unaweza kusema, «Bibi, tumpige picha kwanza tuone mfupa umekaaje,» kisha umwombe afuatane nanyi. Bibi aliyezoeleka na mtoto, akiketi naye kwenye benchi na kumsimulia hadithi, hutuliza kuliko mtu yeyote mgeni.

Je, nimwambie mtoto kwamba atasikia maumivu?

Ndiyo, mwambie, kwa maneno machache na karibu na wakati wenyewe. Mzazi anayesema «haiumi» anampa mtoto faraja ya dakika moja, kisha sindano ikichoma mtoto anajifunza kwamba maneno ya mama au baba hayategemeki, na kila hatua inayofuata inakuwa ngumu mara mbili. Afadhali useme, «Utasikia kuchomwa, halafu kutapita, mimi nimekushika mkono huu mwingine.» Mtoto wa miaka minne hahitaji kuambiwa asubuhi yatakayotokea jioni, kwani ataishi na hofu hiyo kutwa nzima, mweleze hatua moja tu iliyo mbele yake.

Kuna maneno mawili tuliyoyazoea majumbani ambayo siku hii huleta madhara ya wazi. La kwanza ni tishio la «ukisumbua daktari atakuchoma sindano», ambalo humfanya mtoto aamini kwamba anayevaa koti jeupe ni mwadhibu. La pili ni «mtoto wa kiume halii». Mtoto aliyevunjika mfupa ana haki ya kulia, na kilio chake humsaidia mtabibu kujua maumivu yako wapi na yamefikia kiasi gani. Anayezuiwa kulia hunyamaza hata vidole vinapoanza kufa ganzi.

Zaidi ya hayo, watoto wa umri huu huamini kwa urahisi kwamba ubaya uliowapata ni adhabu. Kama alikatazwa kupanda mwembe naye akapanda, karibu ni hakika kwamba anafikiri mkono umevunjika kwa sababu hakusikia. Mwondolee fikra hiyo waziwazi: «Umeanguka, mfupa umevunjika, sasa unatibiwa. Hakuna aliyekukasirikia.» Kama hasira ipo kweli, mazungumzo ya kupanda miti yangoje hadi maumivu yaishe.

Hospitalini atafanyiwa nini, nami nimweleze vipi?

Picha ya eksirei haiumi. Kinachouma ni kuuweka mkono katika mkao wa kupigwa picha, kwa hiyo omba dawa ya maumivu itangulie. Mwambie ni kamera kubwa inayopiga picha za mifupa, na kwamba lazima atulie tuli. Mama mjamzito asiingie kwenye chumba hicho. Aingie baba, shangazi au ndugu mwingine ambaye mtoto anamfahamu.

Mfupa uliohama huenda ukarudishwa kwa dawa ya usingizi, ambayo wengi huiita nusu kaputi. Usimwahidi kwamba hutaondoka kama hujauliza utaratibu wa hospitali. Uliza kwanza, kisha mwambie kilicho kweli. Baadaye hufungwa hogo (bandeji inayokauka na kuwa ngumu ili kuushika mfupa), ambalo wengine huliita piopii. Hogo la jasi hupata joto linapokuwa linagandamana, na mtoto asiyeambiwa mapema hudhani anaungua. Nyumbani au kwenye foleni, mfunge mwanasesere, hata yule wa gunzi la mahindi, kwa kitambaa, kisha mwache mtoto mwenyewe amfunge na amwambie mgonjwa wake asiogope. Maneno atakayomwambia mwanasesere huyo yatakuonyesha anachokiogopa yeye.

Usiku wa kwanza niangalie nini?

Uinue mkono juu ya mto ili uwe juu zaidi ya usawa wa moyo kwa siku mbili au tatu za mwanzo, na umhimize achezeshe vidole mara kwa mara. Kisha jifunze kipimo hiki: bonyeza ukucha wa kidole cha mkono wenye hogo mpaka uwe mweupe, uachie, uone kama rangi yake ya kawaida inarudi katika muda wa sekunde mbili, ukilinganisha na ukucha wa mkono mzima. Mrudishe hospitali mara moja, hata kama ni saa nane ya usiku, ikiwa rangi inachelewa kurudi, vidole ni vya baridi, vimekufa ganzi au vimevimba sana, au maumivu yanazidi licha ya dawa, hasa anapolia kwa ukali ukivinyoosha vidole vyake taratibu. Usikate hogo mwenyewe na usingoje kliniki ya wiki ijayo. Harufu mbaya, homa, au maji yanayotoka ndani ya hogo katika siku zinazofuata pia hurudisha mtoto hospitali.

Amevunjika mkono wa kulia. Je, ale kwa mkono wa kushoto?

Ale. Katika nyumba nyingi za kwetu mtoto amefundishwa tangu alipoanza kushika tonge kwamba kushoto si mkono wa kulia chakula, na wapo watoto wanaokaa na njaa mbele ya sahani kwa sababu wanaogopa kukemewa. Mzazi aliseme jambo hili mbele ya watu wote wanaokula naye, bibi na kaka zake wakiwemo, kwamba mkono wa kulia unaumwa na kwa sasa ameruhusiwa. Mpe kijiko na chakula kisichohitaji kumegwa kwa nguvu. Mwalimu wa chekechea na ustadhi wa madrasa nao waambiwe mapema, ili asiadhibiwe kwa kuandika au kupokea kitu kwa kushoto.

Tangu avunjike amerudia kukojoa kitandani na hataki kuachwa peke yake. Je, ni ugonjwa?

Kwa kawaida si ugonjwa. Mtoto aliyeshtuka hurudi nyuma kidogo kwenye mambo aliyokwisha kuyaweza, na akitulizwa bila kuaibishwa huyapata tena katika muda wa wiki chache. Mlaze karibu nawe, rudisha ratiba ya kawaida ya kula na kulala upesi iwezekanavyo, na umpe kazi ndogo za mkono mmoja kama kuchambua kunde, ili asijione amekuwa mzigo. Jinamizi na hofu zikiendelea zaidi ya mwezi, mweleze mtabibu.

Hapa niongeze jambo zito: mtoto ambaye hajaanza kutembea akivunjika mkono, au maelezo ya namna alivyoumia yakibadilika kila yanaposimuliwa, lazima iulizwe kama amepigwa. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupokea taarifa hizo.

Hogo linamwasha kwa joto hili la pwani. Nifanyeje?

Usiingize kijiti, kalamu wala poda; mchubuko mdogo ndani ya hogo hugeuka kidonda kisichoonekana. Mpepee, mkalishe kivulini, na ugonge hogo taratibu kwa nje. Wakati wa kuoga lifunike kwa mfuko wa plastiki na mkono ubaki nje ya maji, kwani hogo la jasi likilowa hulainika na kuacha kuushika mfupa. Baharini asiende kwa sasa.

Hogo hutolewa lini, na mkono hurudi lini katika hali yake?

Kwa watoto wadogo mifupa mingi ya mkono huunga ndani ya wiki tatu hadi sita, kulingana na mahali ilipovunjika. Msumeno wa kukatia hogo hupiga kelele nyingi na humtisha mtoto, lakini kisu chake hutikisika tu bila kuzunguka, na hukata kitu kigumu. Mwombe fundi wa hogo amwonyeshe mtoto kwanza unavyowashwa, kisha umzibe masikio kwa viganja vyako.

Mtakuta mkono mwembamba, wenye ngozi kavu inayobanduka, na kiwiko kisichonyooka vizuri. Mwandae mtoto kwa hilo pia, maana wengine hulia wakidhani wamepewa mkono usio wao. Usimchue wala kumnyoosha kwa nguvu, kwa sababu mchezo wa kila siku huurudishia mkono uwezo wake bila kulazimishwa. Kupanda miti kusubiri wiki nyingine nne hadi sita, au muda atakaousema mtabibu, kwa kuwa mfupa ulioungana karibuni huvunjika tena kwa urahisi. Kiwiko kisipoongezeka kunyooka baada ya miezi miwili, au mkono ukizidi kupinda kadiri mtoto anavyokua, arudishwe kliniki ya mifupa akiwa na picha zake za awali.