Kwa nini chipu ya Ijumaa hukataa maji Jumatatu

Ijumaa niliweka tone la maji ya rangi mlangoni mwa mfereji wa chipu, yaani kipande kidogo chenye mifereji myembamba sana ya kupitisha vimiminika, likakimbia lenyewe hadi mwisho kabla sijavuta kiti. Jumatatu, chipu ileile, maji yaleyale: tone limejikunja mlangoni kama mvua juu ya jani la gimbi. Mwanafunzi wangu akadhani mfereji umeziba. Wapi! Ni ngozi yake iliyobadilika.

Chipu zetu tunazimimina kwa PDMS, silikoni laini, angavu, inayokatika kwa wembe. Kasoro yake ni kwamba haipatani na maji: tone husimama juu yake kwa pembe ya nyuzi 110 hivi. Kwenye ndoo hilo si neno. Lakini punguza ubavu wa mchemraba kutoka sentimita 1 hadi mikromita 10, na eneo la uso kwa kila kipimo cha ujazo linaongezeka mara 1,000. Hapo uzito hauna usemi tena. Ndani ya kibomba cha kioo safi chenye kipenyo cha mikromita 100, maji hupanda yenyewe karibu sentimita 29. Kibomba cha PDMS cha kipenyo hichohicho huyazuia, mpaka uyasukume kwa shinikizo la maji yenye kina cha sentimita 10 hivi.

Dawa tunayotumia ni plazma ya oksijeni (gesi ya oksijeni iliyochangamshwa kwa umeme), chini ya dakika moja. Huondoa methili, vikundi vya atomi vinavyokataa maji, usoni na kuacha silanoli, vikundi vya silikoni vyenye oksijeni na hidrojeni, ambazo maji huzishika vizuri. Silanoli hizohizo ndizo zinazoifanya PDMS ing'ang'anie kioo bila gundi. Ukizidisha muda, uso hukakamaa ukapasuka nyufa ndogondogo. Wengi huharibia hapo.

Ila ndani ya PDMS hubaki minyororo mifupi ya molekuli ambayo haikuunganika na wenzake. Taratibu hupanda juu, kama mafuta kwenye mchuzi uliopoa, ikafunika silanoli. Hewani, saa chache tu zinatosha kuona tofauti. Wapo wanaoiloweka PDMS kwenye viyeyushi kuitoa minyororo hiyo. Inasaidia, lakini PDMS huvimba, na kuirudisha umbo lake ni kazi ya siku kadhaa. Mimi sina subira hiyo. Nikishaibandika chipu kwenye kioo, najaza mfereji maji na kuizamisha chipu nzima, kwa kuwa uso uliolala majini huchelewa sana kugeuka.

Kwa hiyo ukikuta kwenye friji yetu visahani vya chipu zilizozama, usizikaushe kwa nia njema. Mwezi uliopita kuna aliyefanya hivyo.